Hewa ya usiku karibu na ardhi: maswali yenu

Mbona utabiri wa joto hukosea zaidi usiku mtulivu kuliko mchana?

Mchana jua huipasha ardhi moto, hewa ikapanda na kuchanganyika hadi kilomita moja au zaidi, kwa hiyo kosa dogo humezwa na tabaka hilo nene. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto upesi, hewa baridi hulala chini, na mchanganyiko hubanwa ndani ya makumi machache ya mita. Kosa lile lile sasa halina pa kusambaa, kipimajoto kinalionyesha lote. Isitoshe, modeli nyingi, yaani programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa, hutegemea nadharia ya Monin na Obukhov ya mwaka 1954 kuhusu msukosuko wa hewa karibu na ardhi, na nadharia hiyo inataka msukosuko wa hewa usiokatika. Usiku wa namna hiyo msukosuko huzimika, kisha ukazuka tena ghafla.

Si modeli ingeongezewa tu mchanganyiko?

Vituo vingi vya utabiri vilifanya hivyo kwa miaka mingi, kupita kiwango kinachopimwa. Bila nyongeza hiyo ardhi ya modeli ilipoa kupita kiasi, na hata mifumo mikubwa ya upepo ilitabiriwa vibaya. Lakini tabaka la baridi likawa nene mno, na upepo wa kasi unaovuma usiku juu kidogo ya ardhi ukafifia. Hapa ndipo penye ugumu hasa: makosa mawili yanafichana. Ukiliondoa moja, utabiri huharibika kwanza, na mtafiti aliyeukaribia ukweli huonekana ndiye mharibifu. Nawaheshimu sana wanaoivumilia hatua hiyo.

Kompyuta kubwa zaidi haitoshi?

Haitoshi. Modeli ya dunia ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, huigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 9. Hata ikifika kilomita moja, mizunguko ya hewa ya usiku yenye upana wa mita chache itabaki ya kukadiriwa.

Basi kipi kinasaidia?

Minara ya vipimo. Ule wa Cabauw, Uholanzi, una mita 213, na hapo hupimwa upepo, joto na unyevu kwa vimo mbalimbali, pamoja na joto linaloingia udongoni. Joto la hewa linalopimwa mita mbili juu ya ardhi peke yake hukuambia kwamba modeli imekosea. Vipimo hivi vikisomwa pamoja huonyesha kama kosa ni la udongo, la mawingu au la mchanganyiko. Ningependa kila aina ya ardhi, msitu na jangwa pia, ipate mnara wake.