Wanazungumza, lakini mbona hawatazamani?

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu macho ya waigizaji: nani anamtazama nani, na kwa nini watu waliokuwa wakitazamana vizuri wakati wa kurekodi wanaonekana, baada ya kuhariri, kama kila mmoja anaongea na ukuta wake. Nimechagua yale yatakayowafaa wengi.

Nimerekodi watu wawili wakigombana, kila mmoja peke yake kwenye fremu. Nilipounganisha shoti (vipande vya picha), wote wanatazama kulia. Walikuwa ana kwa ana kabisa! Nini kimetokea?

Kamera yako imevuka mstari. Fikiria kamba iliyovutwa kutoka usoni mwa mgomvi wa kwanza hadi usoni mwa wa pili. Kamera inatakiwa ichague upande mmoja wa kamba hiyo na kubaki hapo, ndani ya nyuzi 180, kwa shoti zote za ugomvi. Ikibaki hapo, aliye kushoto atatazama kulia na aliye kulia atatazama kushoto, hata ukisogea karibu kiasi gani. Yaelekea ulipomaliza shoti za wa kwanza ulihamia upande wa pili, labda kwa kufuata mwanga, na kushoto kukageuka kuwa kulia.

Waigizaji wako hawana kosa. Shida ni kwamba mtazamaji hakioni chumba mlichokuwamo. Anapewa vipande tu, na chumba anakijenga mwenyewe kichwani kwa kufuata macho ya wahusika. Akiona watu wawili wanatazama upande mmoja, anaelewa kwamba wanamtazama mtu wa tatu, na anaanza kumtafuta.

Kuvuka mstari kunaruhusiwa, ila mtazamaji aone unavyovuka. Kamera itembee hadi ng'ambo bila kukata, au mwigizaji ahame akiwa ndani ya fremu, au uweke katikati shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, mhusika akiwa ameielekea kamera moja kwa moja.

Kushoto na kulia nimepatia. Bado mazungumzo yangu yana kitu hakikai sawa, na siwezi kukitaja.

Kagua kimo. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na waongozaji wengi hulipita kwa sababu sheria ya mstari imewashughulisha mno. Mhusika mmoja ameketi, mwingine amesimama. Kwenye picha ya karibu ya aliyeketi, macho yapande juu ya lenzi. Kwenye ya aliyesimama, yashuke chini yake. Sasa angalia kinachotokea kazini: ikifika zamu ya kumrekodi aliyeketi, mwenzake anayemsomea maneno nyuma ya kamera amechoka, anavuta kiti na kukaa. Macho ya aliyeketi yanashuka naye. Kwenye monita hakuna anayegundua, kwa kuwa uso ni mzuri na maneno yametoka vizuri. Kwenye uhariri, mmoja anamtazama mwenzake usoni, na huyo mwenzake anatazama tumbo la mtu.

Kwa hiyo anayesoma maneno nje ya fremu asimame kama atakavyosimama kwenye hadithi. Kama mhusika wake ni mrefu na yeye ni mfupi, mtafutie sanduku apande.

Kimo kikiwa sawa, kagua umbali wa mtazamo kutoka kwenye lenzi. Mmoja akitazama karibu kabisa na lenzi na mwenzake akitazama pembeni sana, wa kwanza ataonekana yumo ndani ya mazungumzo na wa pili ataonekana anayakwepa. Wakati mwingine ndivyo hadithi inavyotaka, na hapo ni silaha nzuri. Usipokusudia hivyo, shoti zote mbili zipige kwa lenzi ya urefu uleule (milimita zilezile), kutoka umbali uleule, kwa pembe ileile.

Waigizaji wangu wawili hawapatikani siku moja. Nifanyeje?

Pima na uandike. Siku ya kwanza andika urefu wa lenzi, kimo cha kamera kutoka sakafuni, umbali wa kamera hadi kwa mwigizaji, na mahali hasa macho yalipokuwa yakilenga: upande gani wa lenzi, juu au chini yake, kwa kiasi gani. Piga picha ya monita. Siku ya pili mpe mwigizaji mtu halisi wa kumtazama, hata kama si mwigizaji, awe na kimo kinachofaa.

Kama nafasi haitoshi mtu kusimama kando ya kamera, bandika kipande cha utepe kwenye ukingo wa kivuli cha lenzi, ile kinga ya mwanga inayokaa mbele yake. Kwa kiumbe atakayechorwa baadaye kwa kompyuta, wengi hutumia mpira wa tenisi juu ya fimbo. Utepe na mpira huelekeza macho, lakini havijibu kwa uso, na mwigizaji huhisi upungufu huo. Ukiweza kumweka mtu, mweke mtu.

Watu watatu mezani. Nimechanganyikiwa kabisa.

Una haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu hapa mistari ni mitatu, na unaotawala ni ule ulio kati ya wanaozungumza wakati huo.

Tuseme mama ameketi kichwani mwa meza, kaka yuko upande wa kushoto wa picha pana (ile inayowaonyesha wote), dada upande wa kulia, na kamera iko mkabala na mama. Mama ni rahisi: akiongea na kaka anatazama kushoto kwa lenzi, akiongea na dada anatazama kulia. Shoti moja, pande mbili, hakuna wa kuchanganya.

Ugumu uko kwa kaka. Ukimpiga picha ya karibu kutoka kando ya dada, upande ule ule ilikokuwa kamera ya picha pana, mama na dada wote wako kulia kwa lenzi. Akitupa tu macho kulia, mtazamaji hajui anamjibu nani. Kinachowatofautisha ni umbali: kwa dada, macho yawe karibu na lenzi; kwa mama, yaende mbali zaidi kulia, na kichwa kigeuke kidogo pamoja nayo. Fanyeni zoezi hilo kabla ya kurekodi, kaka amtazame mama kisha dada, nawe ukitazama monita peke yake bila kuitazama meza. Usipoona tofauti, sogeza kamera mpaka uione. Dada naye ni hivyohivyo, kwa upande wa pili.

Na pale anayezungumza anapohamisha mazungumzo kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, rekodi kile kitendo cha kugeuza macho. Mhariri atakushukuru, kwa sababu kitendo hicho ndicho kinachomvusha mtazamaji kwenye mstari mpya.

Macho yawe karibu na lenzi kiasi gani? Na je, mhusika anaweza kutazama ndani ya lenzi?

Kadiri picha inavyokuwa ya karibu, ndivyo ninavyotaka macho yasogelee lenzi, ili tuyaone yote mawili. Msomaji wa maneno na asimame akigusana na kamera, na mwigizaji alenge lile jicho la mwenzake lililo upande wa kamera. Pia mwambie achague jicho moja na kutulia nalo. Ana kwa ana huwa tunahama kutoka jicho moja hadi jingine bila kujua, lakini kwenye picha ya karibu kuhama huko huonekana kama wasiwasi.

Kutazama ndani ya lenzi kunawezekana, mradi uwe na sababu. Mwongozaji Jonathan Demme, katika filamu ya The Silence of the Lambs ya 1991, aliwafanya wanaozungumza na mhusika mkuu waangalie lenzi moja kwa moja au karibu sana nayo, huku mhusika mkuu huyo akitazama pembeni kidogo. Tunabanwa na macho yaleyale yanayombana yeye. Mwongozaji Mjapani Yasujiro Ozu aliweka kamera karibu kabisa na mbele ya uso na kuuvuka mstari mara kwa mara, hata wazungumzaji wakaonekana kutazama upande mmoja, lakini kimo na ukubwa wa picha alivilinganisha kwa uangalifu mkubwa, na jicho la mtazamaji likazoea. Alikuwa na mpango wake na aliushika, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapotofautiana na aliyevuka kwa bahati mbaya.

Mhusika akitazama kitu badala ya mtu, sheria ni zilezile?

Ni zilezile, tena hapa nguvu ya macho huonekana wazi zaidi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha tofauti, zikiwemo bakuli la supu na jeneza, na inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa na huzuni kwenye uso ambao haukubadilika. Kwa hiyo ukionyesha mtu anatazama chini kulia kisha ukakata kwenye barua, barua hiyo ionekane kutoka juu, kwa ukubwa unaolingana na umbali wake. Ukiipiga kutoka chini, itaonekana ni barua nyingine mahali pengine.

Nimeshamaliza kurekodi na macho hayalingani. Naweza kuokoa?

Mara nyingine. Unaweza kuigeuza shoti kama kwenye kioo, kushoto kuwe kulia. Kabla ya kufurahi kagua maandishi yoyote, saa ya mkononi, njia ya nywele, upande wa vifungo, na mwanga unatoka wapi ukilinganisha na picha pana. Ikishindikana, weka katikati shoti isiyo na upande, kama mkono au kikombe, au rudi kwenye picha pana kisha uingie tena. Kosa la kushoto na kulia hufichika hivyo. Kosa la kimo halifichiki. Hilo omba saa moja ya mwigizaji, chukua vipimo vyako, urekodi upya sura yake peke yake.