Binti anataka kusoma dini na falsafa, baba yake hataki

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi tuko Milton Keynes, Uingereza, kwetu Unguja. Binti yangu ana miaka 16, kamaliza GCSE, mitihani ya sekondari ya huku, na September anaanza A-level, ile ya miaka miwili kabla ya yunivasiti, masomo matatu. Kachagua Baiolojia na Kemia, la tatu kaandika Religious Studies, ile ya dini na falsafa na maadili. Baba yake kaja juu, anasema mtoto kasoma chuo cha Kurani tangu mdogo na Msahafu kashahitimu, leo akakae darasani kubishana kama Mungu yupo au hayupo? Mimi wasiwasi wangu ni kazi tu maana mtoto anautaka udaktari. Si bora Hesabu? Mama Wawili.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na udaktari maana huo ndo mwepesi. Yunivasiti nyingi huko zinataka Kemia na Baiolojia, anazo, la tatu mara nyingi anachagua mwenyewe. Zipo zinazotaka Hesabu au sayansi nyingine juu yake, kwahiyo aingie kwenye tovuti za zile anazozitaka aangalie moja moja kabla hajajaza fomu. Na kwenye intavyuu za udaktari maswali ya maadili hayakosi.

Sasa hilo somo lenyewe. Sio chuo cha Kurani na wala sio mahubiri. Chukua mtihani wa OCR, moja ya bodi za mitihani za huko, pepa 3 za saa mbili mbili: falsafa ya dini, maadili, na ya tatu ni mafundisho ya dini moja, Ukristo au Uislamu au nyingine, na hapo inayochagua ni shule, kwahiyo ulizeni mapema. Kila insha maksi 40, 16 za kujua, 24 za kujenga hoja na kuzipima. Yani anaeamini na asieamini wote wanaweza kupata A na wote wanaweza kufeli vizuri tu. Ningekuwa mimi ningemuuliza binti kitu kimoja, unapenda kuandika? Maana ni insha juu ya insha, na wanaolikimbilia wakidhani ni la kupumzikia ndo wanaolia mwisho wa mwaka.

Mpwa wangu kalisoma hukohuko. Siku moja tuko jikoni nakaanga maandazi akamuuliza bibi yake, mtu kakimbia muuaji kajificha kwako, muuaji anagonga mlango anauliza yupo? Utasema kweli? Bibi hata hakuacha kusukuma unga, akasema nitamwambia hayupo, na Mungu ataniuliza mimi. Mpwa akacheka, bibi ushafeli kwa Kant! Maana Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1797 aliandika kuwa hata kwa muuaji huruhusiwi kusema uongo. Lakini Imam Ghazali, aliefariki 1111, alishasema kumficha mtu asiuliwe na dhalimu hata kwa uongo ni wajibu. Bibi hajawahi kusoma hata ukurasa wa Ghazali ila alikuwa upande wake, na mpwa usiku ule aliandika insha nzima juu ya hao wawili.

Kwahiyo baba akisema falsafa ni mambo ya kizungu mkumbushe kuwa Ghazali aliandika kitabu kizima kuwapinga wanafalsafa, Ibn Rushd akaja kuandika kingine kumjibu, na wote wawili wanasheria wa Kiislamu. Hofu yake siidharau lakini, binti atakutana na hoja nzito za kukataa Mungu, kama ile ya kwanini kuna mateso, na atarudi nazo nyumbani. Ni heri azitoe mezani kwenu kuliko azifiche, ila basi msimkemee akiuliza, hapo ndo wazazi wengi wanapoharibu.

Hesabu kama haipendi muacheni, C ya Hesabu haimsaidii mtu kuingia udaktari. Na huyo baba mwulize hilo la muuaji mlangoni akishakunywa chai yake katulia, alafu niandikie kajibu nini.