Lancia Stratos: kwa nini bei iko juu wakati ndani hakuna starehe

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wanagombania Lancia Stratos, gari la miaka ya 70 lenye injini ya lita 2.4 tu, lisilo na buti la maana wala nafasi ya kukunja goti. Nimefanya kazi kwenye gereji ya magari ya kale karibu na Torino, Italia, na nimelishika, ngoja nichangie.

Stratos halikuundwa kwa ajili ya mteja. Cesare Fiorio, bosi wa timu ya rali ya Lancia, alitaka chombo cha kushinda, basi. Kanuni za Kundi la 4, daraja la mashindano lililoingizwa gari hili, zilidai kiwanda kiunde mamia ya magari ya kuuza kabla ya kuruhusiwa mashindanoni. Yakaundwa, hayafiki 500, na kibali kikatoka Oktoba 1974. Umbo lilichorwa na Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya kubuni maumbo ya magari. Injini ni V6 (silinda sita) ya gari la Ferrari Dino, imelazwa kwa upana nyuma ya viti.

Lipandishe kwenye jeki ndipo utalielewa. Bodi ya mbele na ya nyuma ni fiberglasi, kila moja inafunuka yote kwa mara moja, na injini unaifikia ukiwa umesimama wima. Kwa fundi wa rali aliyepewa dakika chache kando ya njia, hiyo ni neema kubwa. Milango ina mifuko ya kuwekea helmeti! Ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana milimita 2,180 tu, kwa hiyo kona linaikata papo hapo, ila lami ikilowa mkia unakuponyoka. Joto la ndani ni kali. Wateja hulalamika, lakini injini iko mgongoni kwako, utalikwepa vipi?

Kuna mchangiaji kasema lilifanya vibaya kwenye Safari Rally ya Kenya. Sikubali. Kweli halikuwahi kushinda, lakini mwaka 1975 Sandro Munari alikuwa wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka 1977 Munari akawa wa tatu. Gari fupi na la chini hivyo, kwenye matope na mawe ya Kenya! Kwingine lilibeba ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Hata baada ya Fiat, wenye Lancia, kuhamishia nguvu kwenye gari lao la rali la 131 Abarth, dereva Bernard Darniche alishinda na Stratos rali za Monte Carlo 1979 na Corsica 1981.

Ukipata la kununua, hakiki namba ya chesi kwanza. Ya kuigiza ni mengi, na mengine yameundwa vizuri mno.