Re: Bili ya mgahawa wa Kiitaliano tukiwa sita
Mambo mkuu, kwa hiyo mko sita safarini, mnaenda kula Kiitaliano na unaogopa bili ilete ugomvi. Kabla hamjaagiza chochote muulize weita kama anaweza kuwatolea bili tofauti, sisi hatukuuliza, mmoja wetu kala pasta tu akajikuta analipia na mvinyo wa wenzake, safari nzima kanuna. Kwenye menyu primo (sahani ya kwanza) ni pasta au risoto (wali wa Kiitaliano), secondo (sahani ya pili) ni nyama au samaki na mara nyingi inakuja yenyewe tu, mboga unaagiza pembeni kwenye contorno, na si lazima ule vyote. Kama ni Italia kwenyewe cheki neno coperto, hiyo ni hela ya kukaa mezani kwa kila kichwa, sio wizi (mi nilibisha bure).