Mtoto wa darasa la pili hataki kusoma: kwetu iliyosaidia ni daladala ya waya

Dada, umeuliza umwongezee mwanao saa za tuisheni au umfungie televisheni mpaka akubali kushika kitabu. Mimi nilifanya yote mawili kwa kijana wangu, hayakusaidia. Ngoja nikusimulie kilichosaidia.

Alipokuwa darasa la pili, "baba" na "kalamu" alisoma vizuri. Akifika kwenye mba, ngo, nyu, mwe, anakwama, anabahatisha, mwisho analia. Tuisheni wakamkaririsha silabi hizo miezi miwili. Akazishika kama wimbo. Ukimwonyesha moja peke yake, haijui.

Akitoka shule alishinda uani na wenzake wakiunda magari ya waya. Niliona anapoteza muda, hata gari lake moja nililitupa jalalani. Linaniuma mpaka leo. Siku moja nikaamua kukaa naye nitazame. Tairi alizikata kwenye ndala zilizochakaa, akizichora kwanza kwa kifuniko cha kopo ili zilingane. Shida ilikuwa tairi za mbele: ukizungusha usukani hazikati kona. Alifumua na kuunga upya siku tatu, mtoto ambaye niliambiwa hawezi kutulia dakika kumi!

Gari lilipokaa sawa akataka liwe daladala, liandikwe njia kama zile za barabarani. Tukaenda kituoni Buguruni, Dar es Salaam, na daftari lake, akawa ananakili majina yaliyoandikwa mbele ya magari: Gongo la Mboto, Mbagala, Mwenge, Ubungo, Mnazi Mmoja. Yatazame vizuri majina hayo, dada. Yamejaa silabi zilezile zilizokuwa zikimliza. Safari hii alizisoma kwa sababu kondakta asiyejua kusoma njia atapandisha abiria wa Mbagala kwenye gari la Mwenge, na wenzake hawatamwacha salama. Haukupita muda mrefu akawa anaandika tiketi na nauli, na ndani ya gari akabandika "Usitoe mkono nje".

Hadithi zilikuja baada ya hapo. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, bure, fupi, zenye picha; simu yako inatosha. Tulikuwa tunasoma kwa zamu kabla ya kulala, na akichoka naendelea mimi, simlazimishi.

Nilimsimulia pia habari za William Kamkwamba wa Malawi. Njaa na ukosefu wa ada vilimtoa shule, akawa anaazima vitabu kwenye maktaba ya kijijini. Kiingereza kilimpa taabu, lakini alitaka umeme, kwa hiyo aling'ang'ania michoro na maelezo yake mpaka akaunda kinu cha upepo kwa baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Kesho yake asubuhi kijana wangu alikuwa na pangaboi la ukuti, ananiuliza waya wa taa unafungwa wapi.

Na kama wako ni wa kike na anapenda mdako, ule mchezo wa kurusha na kuzoa kokoto, usimwite ndani haraka. Mwekee kokoto kumi na mbili. Mzunguko wa wawiliwawili, watatuwatatu, wannewanne zinaisha sawasawa. Akifika watanowatano zinabaki mbili. Huko ndiko kugawanya kwenye baki, na anakuwa ameishika hesabu hiyo mkononi kabla hajaiona ubaoni.

Sasa tuambie, mwanao akiachwa peke yake anashika nini kwanza? Tuanzie hapo.