Kijana wa kaunta ni "melankoli", nimpeleke stoo?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, wafanyakazi saba. Juzi semina ilitufundisha haiba nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali, mwenye kuamrisha), melankoli (mkimya, mwenye kuwaza sana) na flegmatiki (mpole, wa taratibu). Niliporudi niliwajazisha wote ile karatasi ya maswali. Kijana wa kaunta katoka melankoli, mtunza stoo sangwini, nataka niwabadilishe. Mwingine ni flegmatiki, mzito kweli, nafikiria kumwachisha. Nakosea?

JIBU: Dada, kwanza niambie: wateja wanalalamikia kaunta? Stoo ukihesabu hailingani na daftari? Kama vyote viko sawa, unamnywesha dawa asiyeumwa.

Haiba hizo nne ni mawazo ya waganga wa Kiyunani wa kale. Galen alifundisha kwamba tabia inategemea majimaji ya mwilini: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Utabibu ule uliachwa zamani, majina yakahamia kwenye semina. Hata MBTI, kipimo cha haiba cha Wamarekani wawili, mama na bintiye, kilichotokana na mawazo ya mtaalamu wa akili Carl Jung, hukata watu katikati. Ni kama kusema mwenye sentimita 169 ni mfupi na wa 171 ni mrefu. Mtu akijaza tena baada ya wiki chache anaweza kuangukia upande wa pili. Wenye kipimo hicho wenyewe wanasema kisitumike kuajiri.

Sifa iliyothibitika kuendana na ufanisi karibu katika kila kazi ni umakini: kumaliza ulichoanza, kutunza ahadi. Watafiti Barrick na Mount walilionyesha hilo mwaka 1991 walipokusanya tafiti nyingi pamoja. Na kuiona hiyo hakuhitaji karatasi. Angalia nani hufunga daftari la saruji kabla ya kwenda nyumbani.

Sisemi uwasimamie wote kwa namna moja. Niliwahi kushauri duka ambalo mtunza stoo hakufungua mdomo kikaoni, bosi akamhesabu mkaidi. Tukaanza kumpa ajenda jana yake. Kikao kilichofuata alikuja na nusu ukurasa: mifuko ya chini ya saruji inaganda kwa sababu imepangwa sakafuni bila chaga. Alikuwa anaijua hasara ile muda mrefu, ila si mtu wa kujibu papo kwa papo mbele ya wenzake. Msemaji sana naye mwelekeze jambo moja moja, halafu akurudishie alivyoelewa.

Huyo mzito, taratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na "flegmatiki" si sababu utakayoisimamia mbele ya CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Andika uzito wenyewe: lori la nondo linashushwa kwa saa ngapi, wenzake wanatumia ngapi? Mwite, mwonyeshe, mwelekeze, mpe muda, na kila hatua iwe kwenye maandishi. Huenda ukakuta ni mgongo unamuuma, si haiba.

Wale wawili waulize kwanza. Wakikubali, jaribu wiki mbili, lakini stoo ihesabiwe siku ya makabidhiano na wote wawili wasaini, la sivyo mfuko wa misumari ukipotea kila mmoja atamtaja mwenzake.