Springi Fupi au Koilova kwa Gari Dogo la Mwanza?

SWALI: Mhandisi, pokea salamu zangu kutoka Nyegezi. Nina Toyota IST ya toleo la kwanza, yenye injini ya lita 1.5. Nataka nilishushe kidogo, kwanza kwa sababu nafasi iliyo kati ya tairi na fenda hainipendezi, na pili kwa sababu linayumba mno ninapoingia kwenye kona. Siku za kazi naendesha peke yangu hadi katikati ya jiji, lakini mwisho wa wiki nawapakia mke wangu, watoto na mama mzazi kwenda Sengerema, mara nyingine kwa kivuko cha Kamanga, mara nyingine kwa kuzunguka Usagara na kuvuka daraja. Kijana wa gereji ananishauri ninunue koilova, yaani shokapu na springi zilizoundwa pamoja, kwa kuwa nitaweza kupandisha na kushusha gari nitakavyo. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa siku nyingi, anasema springi fupi zinatosha na kwamba kuongeza fedha juu ya hapo ni kuzitupa. Nimsikilize nani? — Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa matumizi uliyoyaeleza, msikilize kaka yako, ila kwa masharti mawili ambayo yeye hakuyataja: springi hizo zifungwe pamoja na shokapu mpya zinazolingana nazo, na gari lisishuke zaidi ya milimita 25 hivi. Koilova ni kifaa kizuri kikiwa kimetengenezwa vizuri, lakini faida zake kubwa ni zile ambazo wewe hutazitumia, na matunzo yake ni yale ambayo vumbi na tope letu vitakudai kila msimu.

Kabla ya kufikia huko, naomba tulitazame gari lenyewe. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ni gari la umri mkubwa, na kama shokapu zake hazijawahi kubadilishwa, kuyumba unakokulalamikia huenda hakutokani na urefu wa gari hata kidogo. Mwambie fundi wa miguu alinyanyue gari akague shokapu zote nne kama zinavuja mafuta, kisha akague bushi (raba za viungo) za mikono ya chini inayoshika magurudumu, boljointi, linki za stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala) na mauntini za juu zinazoshikilia shokapu. Linki za stabilaiza zilizolegea peke yake hulifanya gari lilale kwenye kona na kugonga kila linapopita kwenye rasta. Kufunga springi mpya, ziwe fupi au ndefu, juu ya bushi zilizochoka ni kuficha ugonjwa, na nimeona wamiliki wengi wakilaumu springi kwa kosa lisilo lake. Inawezekana kabisa kwamba baada ya matengenezo hayo utaridhika na jinsi gari linavyoshika barabara, na suala litakalobaki litakuwa la sura tu.

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe. Springi fupi hukaa mahali palepale pa springi za kiwandani, juu ya vikalio vilevile, na kwa kawaida huwa ngumu zaidi kidogo, kwa sababu gari lililoshuka lina nafasi ndogo ya kubonyea kabla halijagota. Urefu wa gari unaamuliwa na aliyetengeneza springi, ukishafunga, umefunga. Koilova ni shokapu na springi vilivyoundwa kwa pamoja, na mwili wa shokapu umechongwa nyuzi kama za bolti kubwa, ili kikalio cha springi kiweze kupandishwa au kushushwa kwa kuzungushwa na kisha kubanwa kwa ringi ya pili. Nyingine zina kitasa cha kuongeza au kupunguza ukali wa shokapu. TEIN ya Japani, kwa mfano, inauza koilova za magari madogo zenye ngazi 16 za namna hiyo. Wapo wanaoamini kwamba kupandisha kikalio kunaifanya springi iwe ngumu zaidi. Kama springi ni ya waya ulio sawa mwanzo hadi mwisho, hilo si kweli: kinachobadilika ni kimo cha gari, na ugumu wa springi unabaki uleule.

Chungulia chini ya gari lako upande wa nyuma na utaona jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Mbele, IST ina mguu wa MacPherson, ambapo springi inaizunguka shokapu, na hapo koilova inaingia kwa maana yake kamili. Nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili na kujipinda inapobidi, na springi imekaa peke yake, mbali na shokapu. Kwa hiyo hata ukinunua seti kamili ya koilova, nyuma utapata springi fupi, kikalio cha kuzungusha, na shokapu ya kawaida pembeni. Isitoshe, boriti hiyo haina mahali pa kurekebishia mwinamo wa magurudumu, kwa hiyo gereji ya alaimenti, inayopima mwelekeo wa magurudumu, itarekebisha mbele tu. Sehemu ya fedha unayolipia uwezo wa kurekebisha, nyuma haikupi kikubwa.

Jambo ambalo ningependa ulitafakari kuliko yote ni mwendo uliobaki wa shokapu. Gari linaposhuka milimita 25, fimbo ya shokapu inakuwa imeingia ndani kwa kiasi kinachokaribia hicho kabla hujapita shimo lolote. Ukiongeza watu wazima watatu, watoto na mizigo ya Sengerema, nyuma inaingia zaidi, na ikigota kwenye ile raba iliyo juu ya fimbo, springi haifanyi kazi tena: pigo lote linakwenda kwenye mwili wa gari na kwenye migongo ya abiria. Hicho ndicho kipimo, na unaweza kukichukua mwenyewe. Nunua kamba za plastiki za kufungia nyaya, zile nyembamba zinazobana zenyewe. Inua mpira wa kuzuia vumbi kwenye shokapu, funga kamba moja kwenye fimbo, ikaze kiasi cha kutoteleza yenyewe, na isukume hadi iguse mwili wa shokapu. Kisha pakia familia kama kawaida na uende safari yako ya kawaida, pamoja na matuta na ile njia mbaya ya kufikia nyumbani. Ukirudi, kamba itakuwa imesukumwa juu na kubaki hapo. Nafasi iliyo kati ya kamba na raba ya kugotea ndiyo akiba yako. Ikiwa akiba hiyo ni milimita 35, gari lako linaweza kushuka 25 bila matatizo makubwa, hasa kwa kuwa springi mpya ni ngumu zaidi na haitabonyea sana kama ya zamani. Likishuka 50, abiria wako watakuwa wamekaa juu ya raba. Na ikiwa kamba tayari imegusa raba kabla hujashusha chochote, basi nyuma ya gari hilo isishushwe.

Pima pia pua ya gari kwa ajili ya kivuko. Gari linaposhuka gatini kuingia kwenye kivuko, bampa inafika kwenye mlango wa chuma kabla ya tairi, na kinachoamua kama itakwaruza ni vipimo viwili: kimo cha ukingo wa chini wa bampa kutoka ardhini, na umbali kutoka bampa hadi pale tairi linapogusa ardhi. Tuseme umepata sentimita 18 kwa 70. Hapo gari linaweza kuukabili mpando wa takriban nyuzi 14. Lishushe sentimita nne na unabaki na nyuzi 11. Tofauti ya nyuzi tatu inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kina cha ziwa hubadilika, mteremko wa mlango hubadilika pamoja nacho, na nyuma yako kuna foleni ya malori yanayopiga honi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, una njia ya kilomita tatu juu ya maji isiyo na mlango wa chuma wa kupanda, nami ningekushauri uitumie hiyo siku ambazo gari limejaa.

Kwa nini nimesema milimita 25 wakati wauzaji wana springi za 40 na zaidi? Sababu ya kwanza ni akiba ya shokapu niliyoieleza. Ya pili iko kwenye mkono wa chini wa mbele. Gari likiwa katika kimo cha kiwandani, mkono huo unalala karibu sawa na ardhi au unainama kidogo kuelekea kwenye gurudumu. Ukilishusha sana, upande wa gurudumu unakuwa juu kuliko upande wa gari, na kitovu ambacho mwili wa gari hulalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Matokeo yake, gari lililoshushwa kupita kiasi hutaka kulala zaidi kwenye kona, na watu hulazimika kufunga springi ngumu kama jiwe ili kulizuia. Wewe unataka gari lisiloyumba. Kulishusha mno kutakupeleka kinyume na unachokitaka.

Koilova nayo ina shida zake za hapa kwetu. Ziwa Victoria ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna ile chumvi ya hewani inayokula vyuma Tanga na Dar es Salaam, na hilo ni afueni. Tulichonacho ni vumbi la kiangazi na tope la masika, na vyote viwili huingia kwenye nyuzi za koilova na kukauka humo. Mwenye koilova anapaswa kuzisafisha nyuzi kwa brashi, kuzipulizia dawa ya kuzuia kutu, na kuzizungusha mara kwa mara hata kama hataki kubadilisha kimo, la sivyo siku atakayotaka kupandisha gari atakuta ringi imeshikamana na atapewa nyundo na patasi. Baadhi ya koilova hutumia mauntini ya juu ya chuma kitupu badala ya raba, na kwenye njia za mawe zinazopanda Mabatini na Igogo utasikia kila jiwe ndani ya gari. Sili ya shokapu ikianza kuvuja, kifaa cha kubadilisha hakipatikani kirahisi mjini hapa, na baadhi ya koilova zimefungwa moja kwa moja kiwandani, hazifunguliwi kutengenezwa. Shokapu ya kawaida ya IST, kinyume chake, utaipata kwenye maduka ya vipuri siku hiyohiyo.

Halafu kuna ile hoja ya kijana wa gereji, kwamba utapandisha gari wakati wa mvua na kulishusha kiangazi. Kila badiliko la namna hiyo linataka jeki, kuvua magurudumu, kupima kimo kwenye pembe zote nne za gari, kisha kwenda kwenye alaimenti, kwa sababu kimo kikibadilika, mwelekeo wa magurudumu ya mbele nao unabadilika na tairi huanza kulika upande mmoja. Wengi wa ninaowafahamu huchagua kimo siku ya kufunga na hawakigusi tena. Ningekuambia ununue koilova kama ungekuwa na gari la pili la kubebea familia, kama una nafasi na vifaa vya kulihudumia mwenyewe, na kama bajeti yako inafikia zile za kampuni inayojulikana. Kama fedha uliyonayo inatosha koilova ya bei ya chini au springi nzuri pamoja na shokapu nzuri, chukua springi na shokapu bila kusita.

Siku ya kufunga, uwepo. Hakikisha fundi anatumia kifaa cha kubania springi, wala si kamba au minyororo, kwa kuwa springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Mauntini za juu na raba za kugotea ziwe mpya, na kama springi zimekuja na raba zake fupi, zifungwe hizo. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Zikikazwa gari likiwa hewani, bushi zinabaki zimejipinda na hazitadumu. Ukimaliza, endesha siku chache springi zikae sawa, ndipo upeleke gari kwenye alaimenti, na taa za mbele zipimwe gari likiwa na abiria, kwani nyuma ikishuka kuliko mbele utawapofusha wanaokuja. Kama una bima kubwa, iarifu kampuni yako kwa maandishi kuhusu badiliko hilo.

SWALI: Mimi nina Vitz, na fundi amenikatia springi pete moja kila upande badala ya kununua fupi. Gari limependeza lakini linadunda, na nikilipiga jeki springi za mbele zinacheza. Je, zitakaa zenyewe? — Msomaji, Magu.

JIBU: Hazitakaa, ndugu yangu, na nakuomba usisafiri na gari hilo. Springi ikipunguzwa pete inakuwa ngumu zaidi, huku shokapu ikibaki ileile, ndiyo maana linadunda. Hatari kubwa zaidi ni huko kucheza: ncha ya springi ilitengenezwa ilingane na kikalio chake, na ukiikata, springi haishikwi tena pale gurudumu linaponing'inia. Ukiruka tuta au ukiingia kwenye shimo refu, inaweza kutoka mahali pake na kuchana tairi. Kama ilikatwa au kulainishwa kwa moto wa gesi, chuma chenyewe kimepoteza ukakamavu wake na kinaweza kuvunjika. Tena Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari lenye ubovu wa kuhatarisha watu kuwa barabarani. Tafuta springi nne za kiwandani za Vitz, hata zilizotumika mradi ziwe nzima na zinazofanana mbili mbili, uzirudishe, na fundi akague vikalio vyote vya springi kama havijapinda kabla gari halijashushwa kutoka kwenye jeki.